Mlango wa Kadi

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya kampuni ya Kiingereza iitwayo ICT, aina ya 1500. Miaka tisa baadaye, yaani 1974, Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. (Ndugu zetu wa Zanzibar waliendelea kutazama televisheni ya rangi, sisi wa Bara tulingoja hadi 1994.) Simlaumu aliyetia saini amri ile. Mashine zilikuwa ghali, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na wa kuzitunza walihesabika. Hata hivyo, amri ile ilikuwa bado haijalegezwa pale IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mezani, Agosti 1981, na ndiyo maana tulichelewa kuingia katika hadithi ninayotaka kuieleza, hadithi ya kadi ya picha.

Nasema kadi ya picha nikiwa na maana ya kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kichore yote tunayoyaona kwenye kioo. Kibao hicho huingia katika mlango wake, na mlango huo umebadilishwa mara nyingi. Kwanza palikuwa na ISA, mlango mrefu mweusi uliozaliwa na mashine ile ya 1981 na kupanuliwa 1984. Mwaka 1992 ukaja PCI wa Intel, mfupi na mara nyingi mweupe. Mwaka 1997 ukafuata AGP, uliotengenezwa kwa ajili ya picha peke yake. Tangu 2004 umeenea PCI Express, ambao ungali unatumika.

Mtu wa Chicago aliyapata mabadiliko hayo moja baada ya jingine. Alinunua, akachoka, akauza, akanunua tena. Sisi wa Bukoba tuliyapata yote kwa mkupuo. Mashine kuukuu zilishushwa bandarini kutoka Mwanza, nyingine zikavuka Mutukula kutoka Kampala, na katika meza moja ya fundi ungeweza kukuta ISA, PCI na AGP zimelala pamoja kama ndizi za mikungu tofauti. Fundi wetu alilazimika kujua kwa siku moja mambo ambayo mwenzake wa ng'ambo alijifunza kwa miaka ishirini.

Na kutojua kulikuwa na gharama. Chukua AGP. Kadi zake za mwanzo zilitumia volti 3.3, baadaye zikaja za volti 1.5. Ili watu wasichanganye, waliweka pengo katika ukingo wa kadi na kizuizi ndani ya mlango, kama ufunguo na kitasa. Lakini baadhi ya watengenezaji wa kadi za bei nafuu walichonga mapengo yote mawili katika kadi iliyojua volti 3.3 tu. Kadi iliingia bila ubishi, na mazabodi isiyovumilia volti hizo ikaungua. Nimeona mazabodi ya namna hiyo ikiwa imening'inizwa ukutani katika kibanda cha fundi mmoja, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Nilikumbuka hayo mpwa wangu aliponijia na kasha dogo la Dell OptiPlex la mwaka 2011. Kazi yake ni kuhariri video za harusi na za kuaga mabibi harusi, pale Kashai. Mama yake, dada yangu wa Muleba, alikuwa amempa fedha za kahawa ya msimu mzima.

"Shikamoo mjomba. Wameniambia kadi kubwa ndiyo itakayoniokoa."

"Marahaba. Kwanza fungua kasha tuone mlango."

Mlango ulikuwa PCI Express wa toleo la pili. Hapo hapakuwa na hofu, maana kadi ya toleo la tatu hukubali kukaa humo, ila itakwenda kwa mwendo wa mlango. Shida ilikuwa kwingine. Pawa saplai ya kasha lile ni wati 240 tu, wala haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Mlango wenyewe, kwa kanuni, hutoa wati zisizozidi 75, na katika makasha madogo mtengenezaji anaweza kuruhusu chini ya hapo. Ile kadi kubwa ilihitaji waya ambao haupo na urefu ambao kasha halina. Tena umeme wetu, ambao kwa miaka mingi uliletwa kwa njia ya Uganda, haujawahi kuwa na huruma kwa pawa saplai iliyozeeka.

Nikamwambia atafute GeForce GT 1030, inayokula wati 30, na iwe ya kimo kifupi. Halafu nikamwonya juu ya jambo ambalo mimi naliona kuwa ni hila ya wazi. Kadi hiyo ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine yenye DDR4, ambayo husafirisha data kwa theluthi moja tu ya kasi ile, nayo ikaachiwa jina lile lile. Muuzaji anaweza asijue tofauti hiyo, au ajue anyamaze.

Alikataa mbili kabla ya kuipata. Fedha iliyobaki alinunua kumbukumbu ya kompyuta, ambayo kwa maoni yangu ilihitajika kuliko hata kadi. Kadi ilikuja na bati refu pekee, la kasha kubwa. Bati fupi halikuwemo. Fundi wa Kashai akalipima, akalikata kwa msumeno wa chuma, akalipiga tupa hadi likakaa.