Fahamu Sababu ya Neno "Ng'ombe" Kusomeka "Ngâ€™ombe" Mtandaoni

Wananchi wanaosoma matangazo mtandaoni wakati mwingine hukuta neno "ng'ombe" likisomeka "ngâ€™ombe". Hali hiyo haimaanishi kuwa mwandishi amekosea au simu ya msomaji ni mbovu. Hutokea pale mifumo miwili ya kompyuta inapoisoma data ileile kwa kanuni tofauti.

Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba, na kanuni inayoonesha namba ipi ni herufi ipi huitwa usimbaji. Herufi zote za Kiswahili zimo katika usimbaji wa zamani wa ASCII wenye nafasi 128. Tatizo huanzia kwenye ritifaa. Programu nyingi za uandishi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo haimo katika ASCII. Katika usimbaji wa UTF-8, ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu. Mfumo unaotumia Windows-1252 huhesabu kila baiti kuwa alama kamili, hivyo huonesha â, € na ™.

Chanzo kingine ni tofauti kati ya itifaki na matumizi halisi. Toleo la mwaka 1999 la HTTP 1.1, itifaki ya kusafirisha kurasa za tovuti, lilielekeza kuwa matini yasiyotajiwa usimbaji yachukuliwe kuwa ya ISO-8859-1. Hata hivyo, seva nyingi zilituma kurasa za usimbaji mwingine bila kuutaja, na vivinjari vikalazimika kubahatisha. Aidha, hata ukurasa unaotajwa kuwa wa ISO-8859-1 husomwa na vivinjari kwa Windows-1252, kwa kuwa watayarishaji wengi walitumia alama zilizomo humo pekee, ikiwemo ritifaa iliyopinda. Mwezi Juni 2014, marekebisho ya itifaki hiyo yaliliondoa elekezo hilo.

Kabla ya hapo, Januari 1998, Kikosi Kazi cha Uhandisi wa Intaneti, IETF, kilikwishaagiza kuwa itifaki ziwe na uwezo wa kutumia UTF-8, usimbaji ambao sasa ndio unaotumika zaidi katika tovuti.

Athari za suala hili haziishii kwenye mwonekano. Ritifaa iliyonyooka ina namba 39 na iliyopinda ina namba 8217. Kwa mfumo usiozioanisha, Chang'ombe au Nyang'hwale iliyoandikwa kwa namna mbili ni majina mawili tofauti. Vivyo hivyo, mtu ambaye jina lake lina ng' anaweza kutafutwa kwenye kanzidata asionekane, ilhali taarifa zake zimo.

Kwa watayarishaji wa mifumo, kinga ni kutumia UTF-8 kuanzia fomu, kanzidata hadi ukurasa, kuutaja usimbaji huo waziwazi, na kuoanisha aina zote za ritifaa kabla ya kutafuta. Kwa mwananchi mwenye jina la aina hiyo, ni vyema kutumia ritifaa iliyonyooka katika kila fomu, na kukagua jina lake kabla ya kuthibitisha maombi.