Mraba, Mstatili na Msambamba: Historia Fupi ya Majina ya Pembenne katika Kiswahili



Mhadhara huu unahusu maneno machache ambayo mtoto wa Kitanzania hukutana nayo kabla ya kumaliza shule ya msingi: pembenne, mraba, mstatili, msambamba, rombasi, trapeza na tiara. Huenda baadhi yenu wakashangaa kuona mwanaisimu ameiacha mofolojia akaingia katika jometri. Kwa hakika sijaiacha. Maneno hayo saba yametufikia kwa njia mbalimbali, na njia hizo zimeacha alama ambazo mwanafunzi huzilipia gharama darasani bila kujua.

Nianzie Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako ardhi tambarare ni adimu. Miaka kadhaa iliyopita nilimkuta huko fundi mmoja akipanga msingi wa nyumba kwenye mteremko. Alikuwa na vigingi vinne, kamba, futi, pimamaji na timazi. Pande mbili zilikuwa za meta 8 na mbili za meta 6, nami niliona kazi imekwisha. Mwenzake alikwishashika jembe. Fundi akamzuia, akapima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Mshazari wa kwanza ulitoka meta 10 na sentimeta 20, wa pili meta 9 na sentimeta 80.

"Haijakaa skwea," akasema.

Alikuwa sahihi kabisa. Umbo lenye pande za mkabala zilizo sawa ni msambamba, na msambamba huwa mstatili pale tu mishazari yake inapolingana. Kwa vipimo vile, kila mshazari ulipaswa kuwa meta 10 kamili. Alikisogeza kigingi kimoja, akapima, akakisogeza tena. Nikamwuliza umbo hilo linaitwaje likishatengemaa. "Ni skwea tu, mzee." Nikauliza: si mraba? "Mraba ni ule wa kwenye hati ya kiwanja."

Nyumba ya meta 8 kwa 6 si mraba. Kwa fundi, skwea ni hali ya pembe, wala haihusu urefu wa pande. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikakumbuka kwamba vitabu vyetu vya hisabati hufanya vivyo hivyo vinapoiita pembe ya nyuzi 90 "pembe mraba".

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mraba umetokana na neno la Kiarabu murabba', yaani kilichofanywa kuwa nne. Mzizi wake ndio uliotupatia robo na arobaini, na ndio uliowapa washairi wetu tarbia, shairi la mishororo minne katika kila ubeti. Asili ya neno, basi, haisemi lolote juu ya usawa wa pande wala juu ya nyuzi 90, inahesabu tu. Tunapomsifu mtu mwenye kifua na mabega kuwa ni wa miraba minne, tunatumia maana nyingine tena, kwani hapo miraba ni pande za mwili wake. Ongezeni meta za mraba, ambazo ni kipimo cha eneo la umbo lolote, hata la duara. Neno moja limebebeshwa mzigo wa maneno manne.

Mstatili nao umetokana na mustatil ya Kiarabu, yenye mzizi wa urefu: ni kitu kilichorefuka. Kwa asili ya majina, mraba na mstatili ni wapinzani. Euclid, katika kitabu cha kwanza cha Elementi zake, aliyapanga maumbo hayo kwa namna hiyohiyo: umbo lenye pembe mraba lakini pande zisizo sawa aliliweka mbali na mraba. Hisabati ya leo imeuondoa ukuta huo. Mstatili ni pembenne yoyote ambayo pembe zake zote ni mraba. Kwa hiyo kila mraba ni mstatili. Hebu isomeni sentensi hiyo kwa sikio la mtoto wa miaka 12. Neno mraba limo ndani ya fasili ya mstatili, kisha limesimama kama jina la aina yake mojawapo. Mtoto anayeandika kwamba mraba si mstatili hakukosa akili, amelisikiliza neno.

Msambamba una sifa tofauti. Neno sambamba tulikuwa nalo: watu hutembea sambamba, vyombo huegeshwa sambamba. Liliwekewa kiambishi m- likawa jina, wingi misambamba, na fasili ya umbo imo ndani ya jina lenyewe. Angalieni pia mofolojia yake. M- ya mraba na ya mstatili ni mu- ya Kiarabu iliyopokewa kana kwamba ni kiambishi cha ngeli yetu ya m-/mi-, ndiyo maana tukapata miraba na mistatili. M- ya msambamba ni yetu tangu mwanzo. Sikio halitambui tofauti, na maumbo matatu yamekaa katika ngeli moja kama ndugu.

Rombasi na trapeza zilikuja kwa Kiingereza kutoka Kigiriki, nazo zimebaki nje ya ngeli hiyo. Trapeza imepata bahati ya ajabu: kwa kuondoa mwisho wa neno la Kiingereza tumerudi, bila kukusudia, kwenye neno la Kigiriki lenyewe, trapeza, yaani meza. Tiara ni kishada cha watoto, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya kuruka.

Maneno haya yalihitajika kwa haraka. Baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma nchini Tanzania, somo zima la hisabati lilipaswa kuzungumzika. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka huohuo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwapo tangu 1964. Sidhani kwamba waliotangulia walikosea. Kwa kipeuo cha pili, kwa mfano, waliepuka busara ya Kiingereza ya kutumia tena neno la mraba, nasi tunapaswa kuwashukuru.

Mraba ule wa kwenye hati una historia yake huko Usambara. Nyumba ya kale ya Washambaa, msonge, ni ya duara. Mipaka iliyonyooka kwenye karatasi iliingia kwa nguvu wakati wa Wajerumani, ambao amri yao ya 1895 iliifanya ardhi waliyoiona haina mwenyewe kuwa mali ya dola, na ambao mwaka 1902 walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo. Lakini mlima haukubali ramani kirahisi. Pimeni juu ya mteremko wa nyuzi 30 kipande cha meta 20 kwa 20. Kwenye ramani kitakuwa mstatili wa meta 20 kwa takriban 17.3, na meta za mraba 400 zitakuwa kama 346. Kwa sababu hiyo fundi hulaza futi yake kwa pimamaji, na kushusha timazi hadi ardhini.

Kutokana na timazi hiyo nilipata pendekezo: tuuache mraba uwe jina la umbo, na pembe ya nyuzi 90 tuiite pembe timazi. Nilimweleza fundi, nikiamini atafurahi kuona chombo chake kimeingia vitabuni. Akafikiri kidogo.

"Timazi ni ya ukuta, mzee," akasema. "Ya msingi ni skwea."