Roald Dahl: rubani wa kivita aliyetokea Tanganyika

Wengi wanamjua Roald Dahl kwa hadithi zake za watoto. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, ambako alijifunza Kiswahili, kisha akawa rubani wa ndege za kivita.

Dahl alizaliwa Wales tarehe 13 Septemba 1916, wazazi wake wakiwa wametoka Norway. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, Waingereza waliwakamata wanaume wa Kijerumani kote Tanganyika, wakiwemo wenye mashamba huku kwetu kuzunguka Mlima Meru. Dahl alikabidhiwa askari wa KAR wafunge barabara ya kusini mwa Dar es Salaam, Wajerumani wasitoroke.

Novemba mwaka huo alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2, hivyo kichwa chake kilichomoza juu ya kioo cha ndege ndogo ya mafunzo. Baada ya saa 7 na dakika 40 tu za mafunzo, aliruka peke yake. Mafunzo ya kivita aliyamalizia Iraq.

Tarehe 19 Septemba 1940 alianguka katika jangwa la Afrika Kaskazini. Taarifa yake ya kwanza gazetini, mwaka 1942, ilieleweka kuwa alitunguliwa na adui. Ukweli ni kwamba alielekezwa mahali pasipo sahihi, giza likaingia na mafuta yakakaribia kwisha. Alipasuka fuvu na kupoteza uwezo wa kuona kwa wiki kadhaa.

Aprili 1941 alirudi angani, safari hii Ugiriki. Tarehe 20, Waingereza waliruka na ndege 12 juu ya Athens. Tano ziliangushwa na marubani wanne wakafa. Dahl alinusurika, lakini maumivu makali ya kichwa yalimwondoa kwenye urubani mwaka huohuo.

Kwa maelezo yake mwenyewe, walioanza mafunzo pamoja Nairobi walikuwa 16, na 13 kati yao walikufa ndani ya miaka miwili. Tunaposikia sifa za marubani wa vita, tuikumbuke hesabu hiyo. Dahl alifariki Novemba 1990, akiwa na miaka 74.