Kibuyu Mlangoni Hakitoshi

Kama ulisoma somo la biashara sekondari, umewahi kukutana na Lumbwa. Ni pale kwenye historia ya ushirika: chama cha kwanza Kenya kilianzishwa Lumbwa mwaka 1908, na walowezi Wazungu waliotaka kuuza mazao yao pamoja. Unaikariri, unaiandika kwenye mtihani, unapata maksi yako moja. Chenye mwalimu hakukuambia ni kwamba Lumbwa bado iko. Ni Kipkelion.

Watu wakisikia Kericho wanaona majani chai tu. Kipkelion ni mji wa reli, na pia wa maziwa, mahindi na kahawa. Reli ya Uganda ilipita hapa ikielekea Ziwa Victoria, ambako ilifika Desemba 1901, na stesheni ikaitwa Lumbwa. Hilo ni jina ambalo wengine waliwaita Wakipsigis. Wao wenyewe hawakujiita hivyo. Mkoloni akaliandika kwenye ramani na kwenye sheria. Baadaye jina likaondolewa, lakini ile 1908 ikabaki vitabuni bila anwani.

Nayasema haya kwa sababu Katiba ya 2010 iliweka maktaba na makumbusho mikononi mwa kaunti. Tuseme kesho iamuliwe kwamba Kipkelion ijengewe maktaba ya mtaa inayoenzi urithi wa hapa. Mchoro wa kwanza naweza kuuona hata kabla haujachorwa: paa la mviringo kama la nyumba ya msonge, kibuyu cha mursik cha simiti pale getini, ngao na mkuki ukutani. Picha zitatoka poa. Lakini ukishapita hicho kibuyu, ndani kuna nini? Na kimewekwa kwa ajili ya nani?

Kenya tayari tuna maktaba iliyojengwa kuenzi urithi wa mtu. McMillan, pale Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931 kumkumbuka William Northrup McMillan, tajiri mlowezi. Ina nguzo nzito na simba wawili wa mawe mlangoni. Kwa zaidi ya miaka 25, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Jengo lilijua vizuri sana ni nani wa kukumbukwa na ni nani wa kubaki nje. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walipoanzisha Book Bunk mwaka 2017 ili kufufua maktaba hizo, kazi ya ukarabati ilianzia kwenye matawi ya mitaani, Makadara na Kaloleni, na wenyeji wakaulizwa wanataka nini. Huo ndio mpangilio unaofaa: watu kwanza, simba baadaye.

Sasa turudi Kipkelion. Hapa "wenyeji" ni neno linaloweza kuchoma. Wakipsigis wako, na pia Wakikuyu, Wakisii, Waluo na wengine walioletwa na reli, mashamba na soko. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, watu walifukuzwa na nyumba zikachomwa. Mamia walikimbilia kwenye monasteri ya watawa wa Kitrapisti, iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1956. Mwaka huo huo watawa wenyewe wakahamia Uganda. Ukijenga maktaba mahali kama hapa halafu ukaweka alama za jamii moja tu mlangoni, kuna mtoto atakayesimama nje akijiuliza kama anaruhusiwa kuingia. Tutakuwa tumejenga McMillan nyingine, ndogo, ya mabati.

Lakini dawa si kuficha Ukipsigis. Ndani ya mila hiyo kuna kitu kinachotufaa kuliko kibuyu: kokwet. Kokwet ni ujirani, na pia ni baraza la majirani. Wazee walikaa chini ya mti, wakasikiliza kesi ya mpaka au ya ng'ombe, wakaongea hadi wakubaliane. Na ukoo wako haukuwa tiketi ya kuingia. Koo zilitawanyika kila mahali, kwa hiyo kokwet moja ilikuwa na watu wa koo nyingi. Kilichokuweka pale ni kwamba unaishi hapo. Tusiipambe sana: lilikuwa baraza la wanaume, na wanawake hawakuwa na sauti sawa. Hiyo tunairekebisha. Lakini sheria yake ya msingi, kwamba jirani ni yule anayeishi hapa, ndiyo ningeijengea maktaba.

Kwa hiyo mti kwanza, na mabenchi ya kuuzunguka, upande unaotazama soko. Mlango usiokuuliza kitambulisho. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na nilichopoteza siku hiyo hiyo ni kadi ya maktaba. Tangu hapo, maktaba ya umma ndiyo chuo changu. Vijana wa aina yangu ni wengi katika kila mji mdogo.

Halafu rafu. Nakala za karatasi za ule ushirika wa 1908, pamoja na maelezo kwamba Mwafrika alifungiwa nje ya ushirika hadi miaka ya 1940. Historia ya ukoo wa Talai, waliofukuzwa na serikali ya mkoloni mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Habari za Fort Ternan, ukishuka na reli kuelekea Kisumu, ambako mwaka 1961 Louis Leakey alipata mabaki ya nyani wa takriban miaka milioni 14. Akamwita Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mwenye shamba, Fred Wicker. Hata mifupa ya hapa ina jina la mlowezi.

Na chumba cha kurekodi sauti. Mzee wa Talai aeleze alichosimuliwa na babake. Mama aliyelala monasteri mwaka 2008 aongee pia, kwa lugha yake, na kanda yake iwekwe rafu ile ile. Wengine watakataa kuongea, na wana haki hiyo.

Kitu kimoja cha mwisho kwa mchoraji: huku mvua inanyesha karibu kila alasiri, na chini ya mabati hausikii hata jirani yako. Tafadhali weka siling'i. Pesa zikipungua, punguza kwenye kibuyu.