Jina, Sauti na Uthibitisho: Historia ya Kuaminika kwa Habari Mjini Bujumbura, 1995–2017

1. Utangulizi

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii huupa uvumi heshima ambayo mwanahabari hana budi kuunyima. Kazi yake huanza kwa kuuliza nani kasema, alikuwa wapi, na nani mwingine aliona. Katika mijadala ya sasa kuhusu blogu na mitandao ya kijamii, mara nyingi huchukuliwa kwamba habari yenye jina la mwandishi na la chombo kinachojulikana ndiyo ya kuaminika, na kwamba isiyo na jina ni uvumi. Historia ya Bujumbura inaonyesha kuwa mgawanyo huo hautoshi. Makala haya yanatoa hoja kwamba habari mjini humo iliaminika kwa sababu ya utaratibu wa kuithibitisha. Jina lilikuwa dhamana ya utaratibu huo, na dhamana hiyo ilikuja kugeuka hatari kwa mwenye jina.

2. Redio na dhamana ya jina

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, Burundi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mitaa ya Bujumbura ikagawanyika kikabila. Mwaka 1994, redio RTLM ilidhihirisha katika nchi jirani ya Rwanda jinsi utangazaji unavyoweza kuchochea mauaji. Burundi nayo ilikuwa na magazeti yaliyoeneza chuki.

Katika hali hiyo, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura mwaka 1995. Waandishi Wahutu na Watutsi walitumwa pamoja kukusanya habari. Mmoja aliweza kuingia mtaa ambao mwenzake angeuogopa, na kila mmoja akawa shahidi wa yale aliyoyasikia mwenzake. Uthibitisho haukuachiwa dhamiri ya mtu mmoja. Ulijengwa ndani ya kazi yenyewe.

Redio binafsi zilizofuata, zikiwemo RPA (2001) na Isanganiro (2002), ziliukuza utamaduni huo. Katika uchaguzi wa 2005, vituo viliunganisha nguvu na kurusha matangazo ya pamoja. Msikilizaji aliwatambua watangazaji kwa sauti na kwa majina; aliyekosea alijulikana, na kituo chake kilikuwa na mlango ambao mlalamikaji angeweza kuubisha.

3. Gharama ya jina

Mlango huohuo ulibishwa pia na wenye mamlaka. Baada ya milipuko ya Kampala ya Julai 2010, Jean-Claude Kavumbagu, mkurugenzi wa Net Press, shirika la habari la mtandaoni, aliandika akitilia shaka uwezo wa vyombo vya usalama vya Burundi kuzuia shambulio kama hilo. Alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Aliachiliwa Mei 2011, baada ya mahakama kumwondolea shtaka la uhaini na kumtia hatiani kwa kosa dogo zaidi. Sheria ya habari ya Juni 2013 iliongeza uzito kwa kuwataka waandishi, katika baadhi ya mambo, wafichue vyanzo vyao. Januari 2015 ikawa zamu ya Bob Rugurika, mkurugenzi wa RPA, aliyewekwa kizuizini baada ya kituo chake kutangaza uchunguzi juu ya mauaji ya watawa watatu wa Kiitalia huko Kamenge. Alipotoka mwezi uliofuata, umati ulijaa barabarani kumpokea.

4. Mei 2015 na baada yake

Tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio binafsi kwamba amemwondoa madarakani Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Dar es Salaam kwa mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ofisi ya Rais ilikanusha kupitia Twitter. Hapa palizuka swali zito la maadili: je, kurusha tangazo la mapinduzi ni kuarifu au ni kushiriki? Jibu lilitolewa kwa silaha. RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa. Rema FM, iliyoiunga mkono serikali, nayo ilishambuliwa na upande wa pili. Tarehe 15 Mei, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu vya sheria ya 2013, kikiwemo cha kufichua vyanzo, vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu hiyo ilitoka wakati redio zilizostahili kuitangaza hazikuwa tena hewani.

Mwezi huohuo, waandishi waliopoteza vituo vyao walianzisha SOS Médias Burundi, wakasambaza habari kupitia Facebook, Twitter na SoundCloud. Waliokuwa ndani ya nchi walificha majina yao. Hofu yao haikuwa ya kubuni: Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu, alitoweka tarehe 22 Julai 2016. Oktoba 2017, tovuti ya Iwacu nayo ilifungwa kwa wasomaji waliokuwa nchini.

Wakati huohuo, chombo chenye jina kubwa kilijikwaa. Januari 2016, kituo cha televisheni cha Ufaransa, France 3, kilionyesha video ya ukatili kikidai ni ya Burundi. Ilibainika kuwa ilipigwa nje ya nchi hiyo, na kituo kikakiri kosa. Jina lilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza video ilipigwa wapi.

5. Hitimisho

Mwandishi asiyejulikana hawezi kuwajibishwa moja kwa moja, na huo ni upungufu ambao haufai kufichwa. Hata hivyo, katika mazingira ambamo jina humponza mwenyewe, wajibu hauna budi kuhamia kwa chumba cha habari: kulinganisha mashahidi, kutenganisha kilichoonekana na kilichosimuliwa, na kusahihisha kosa hadharani. Ndiyo kazi waliyoifanya waandishi wawiliwawili wa Studio Ijambo mwaka 1995, kabla ya simu za mkononi kuenea. Anayetaka kuipima blogu au redio ya leo na aanze na swali lao: nani mwingine aliona?