Ukiisha kununua mali, nani anapanga bei yake?

Mama aliyekimbia vita na kuanza upya na meza ndogo ya sabuni na chumvi anajua swali hili vizuri. Ametoa franka zake, mali ni yake. Lakini aliyemletea mali anamwambia: usiuze chini ya bei hii. Je, ana haki ya kumwamuru? Huko Marekani watu walishitakiana juu ya jambo hilo kwa karibu miaka 100, na jibu lilibadilika mara nyingi.

Lilianza na dawa. Kampuni ya Dr. Miles Medical, ya mji wa Elkhart katika jimbo la Indiana, iliwatia wauzaji wa jumla na wenye maduka katika mkataba: bei ni ile ya kampuni tu. Wafanyabiashara John D. Park & Sons walikataa kutia sahihi. Walitafuta dawa hizo kwa wauzaji wengine, wakaziuza kwa bei ya chini. Kampuni ikawashitaki. Tarehe 3 Aprili 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ikiisha kuuza mali yake na kulipwa, haiwezi kuwafunga wanunuzi wake wasishindane kwa bei.

Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi wa mwaka 1929. Maduka madogo, hasa ya dawa, yaliogopa kumezwa na maduka makubwa yaliyouza rahisi. Safari hii wauzaji wadogo wenyewe ndio walioomba bei ya lazima. Jimbo la California liliwakubalia mwaka 1931. Mwaka 1937 bunge la nchi nzima likapitisha sheria ya Miller-Tydings, iliyoruhusu majimbo kufanya hivyo. Katika majimbo mengi muuzaji mmoja akitia sahihi, wote walifungwa, hata yule aliyekataa.

Mjini New Orleans, duka la Schwegmann halikukubali. Chupa ya wiski iliyopangiwa dola 4.24 waliiuza dola 3.35. Mwaka 1951 Mahakama Kuu ikawapa haki: asiyetia sahihi asifungwe. Mwaka uliofuata bunge likaurudisha mfungo ule ule kwa sheria nyingine. Gharama ilibaki kwa jamaa zilizonunua, na kwa muuzaji aliyejua kubana matumizi lakini akazuiwa kuwapunguzia wateja wake. Mwaka 1975, maisha yakiwa yamepanda bei, bunge likafuta sheria hizo.

Hata hapo mambo hayakuisha. Duka moja la Texas liliuza mikanda na mikoba ya Brighton kwa kupunguza asilimia 20. Kampuni ya Leegin, inayoitengeneza, ikaacha kuwapelekea mali. Mwaka 2007 Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliuacha uamuzi wa 1911. Tangu hapo, katika sheria ya nchi nzima, mkataba wa namna hiyo si kosa moja kwa moja. Kila kesi inapimwa kwa madhara na faida zake.

Historia hii ina pande mbili. Bei ya lazima inaweza kumkinga mwenye duka dogo mbele ya tajiri. Lakini inamnyang'anya anayeanza silaha yake ya kwanza, yaani kuuza kwa bei nafuu ili apate wateja. Na adhabu mara nyingi haitoki kwa jaji. Gari la mali linapita tu, halisimami tena mlangoni.

Nchini Kongo ipo sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018, inayohusu uhuru wa bei na mashindano katika biashara. Kwa muuzaji mdogo, ulinzi wa kwanza ni kuuliza kabla ya kutoa franka: bei hii ni shauri ao ni amri? Na nikipunguza, utaendelea kuniletea mali?