Miguu Mifupi ya Chabo

Yuko kuku huko Japani ambaye ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani ameatamia, kumbe amesimama. Anaitwa chabo. Miguu yake ni mifupi mno hata ncha za mabawa hugusa ardhi, na mkia wake husimama wima kupita kichwa. Jogoo wake hafiki kilo moja. Kwa mchuzi hamfai mtu, hufugwa atazamwe.

Jina lenyewe linatupeleka baharini. Wengi hulihusisha na Champa, ufalme uliokuwa kwenye pwani ya Vietnam ya leo, ambako meli za Wajapani zilifanya biashara kabla watawala wao hawajafunga nchi katika miaka ya 1630. Waingereza nao kuku wadogo wa namna hii waliwaita bantamu, kwa jina la Banten, bandari ya pilipili manga kisiwani Java. Mabaharia ndivyo walivyo: kuku humpa jina la bandari, si la kijiji alikoanguliwa.

Nchi ilipofungwa, mgeni huyo akawa Mjapani. Wafugaji walimtunza kizazi hadi kizazi, na mwaka 1941 serikali ikamtangaza kuwa hazina ya asili ya taifa.

Lakini uzuri huo una hesabu yake, na hesabu hiyo ni kali. Ufupi wa miguu hutokana na chembe moja ya urithi. Kifaranga akiipata kwa mzazi mmoja, huwa mfupi. Akiipata kwa wazazi wote wawili, hufia ndani ya yai. Basi ukipandisha mfupi kwa mfupi, katika kila mayai manne yenye mbegu, kwa wastani moja hufa, mawili hutoa wafupi, na moja hutoa kifaranga wa miguu mirefu, ambaye kwenye maonyesho hana nafasi. Elimu ya urithi ilianza kushika mizizi mwaka 1900 tu. Kabla ya hapo mfugaji alibaki na yai lililoharibika mkononi bila maelezo.

Ukipandisha mrefu kwa mfupi, hakuna yai linalokufa kwa sababu hiyo, na nusu ya vifaranga huwa wafupi. Kwa hiyo chabo wafupi watupu, wanaozaa wafupi watupu, hawajapata kuwapo wala hawatakuwapo. Bandani kwa bingwa utamkuta yule mrefu asiyepelekwa mashindanoni, na kwa maoni yangu ndiye anayebeba ukoo.